Gogo la Mtu Mmoja

Mtu akinipa kitu bure, kwanza nakigeuza nitazame chini yake. Ndivyo nilivyozaliwa, na mlima ukanilea hivyo hivyo. Kwa hiyo habari ilipotufikia kwamba kule misheni kuna mtawa wa Kidachi anayefundisha watu kusimama, tena hataki hata kuku, sikuuliza anafundishaje. Niliuliza anataka nini.

Kusimama! Sisi wa Uluguru tulikuwa tukisimama kabla Wadachi hawajaleta bendera yao Morogoro. Tunalima mahali ambapo mguu mmoja uko juu na mwingine uko chini, na bado mahindi yanaota kwa mstari. Tunashuka sokoni na mizigo kichwani tukisimuliana habari za watu, na mikono yetu inapunga tu. Lakini mwaka ule mimi mwenyewe nilikuwa sisimami vizuri. Kila mtu pale kwetu alilijua hilo, ndiyo maana habari ya yule mtawa ililetwa moja kwa moja mlangoni kwangu.

Nilikuwa nimevunjika mguu. Shamba aliloniachia marehemu mama lilikuwa ng'ambo ya korongo, na njia ya kufika huko ilikuwa gogo moja lililolazwa kutoka ukingo hadi ukingo. Chini yake kulikuwa na maji na mawe. Gogo lile lilikuwa na sheria ambayo watoto wa kwetu walifundishwa mapema kama walivyofundishwa kuamkia wakubwa. Huvuki mpaka aliyekutangulia ameshuka upande wa pili, akageuka, akaita, "Vuka!" Watu wawili wakiwa juu yake lilicheza, na likicheza aliyeanguka alikuwa yule aliyekwisha kufika katikati.

Siku niliyoanguka nilikuwa narudi nyumbani na mkungu wa ndizi kichwani. Mvua ilikuwa inateremka mlimani, tunaisikia kwenye majani kabla haijatufikia. Nyuma yangu alikuwa mdogo wangu, binti wa mama yangu mdogo, ambaye tulilima naye tangu mama alipofariki. Nilipofika katikati nilihisi gogo likicheza chini ya nyayo zangu. Kisha nikajikuta kwenye mawe, mkungu uko tumboni na mguu wa kulia umetazama upande usio wake. Yeye ndiye aliyeteremka akanitoa. Alilia kuliko mimi niliyevunjika. Na mimi, pale pale majini, maumivu yakiwa bado hayajapanda yote, nilimtazama usoni nikajiuliza analia nini huyu.

Mganga wa mifupa aliufunga mguu kwa vijiti na majani, ukapona kwa namna yake. Ulipona mfupi. Nilipotembea nilipiga hatua ndefu kwa mguu mzima na hatua fupi kwa ule mbovu, na njia ikiinama kidogo tu mwili wote ulitaka kwenda kulala upande wa kulia. Nilijaribu gogo mara moja. Niliweka mguu mmoja, nikasikia maji chini, nikarudi nikakaa kwenye nyasi, nikizing'oa kwa hasira.

Kwetu ardhi hupita kwa akina mama, na mjomba ndiye anayeigawa. Mjomba wangu alikuwa mtu wa haki, na haki yake ilikuwa kavu. Alituita wote mbele ya nyumba yake, tukamwamkia, tukakaa.

"Shamba la ukoo haliwezi kulala," alisema. "Masika ijayo, siku ya kupanda, ukivuka gogo kwa miguu yako, na mbegu kichwani, bila kushikwa mkono, shamba ni lako mpaka unakufa. Ukishindwa nitampa mdogo wako."

Watu wakageuka kumtazama mdogo wangu. Yeye akatazama chini. Nikasema moyoni, ahaa.

Si kwamba nilikuwa na pengine pa kwenda. Mume wangu alichukuliwa kwenye kazi ya reli ilipokuwa inapita kuelekea bara, na reli ikafika huko ilikokwenda, yeye hakurudi. Nikipoteza shamba ningebakiwa na mambo mawili: kula chakula cha watu huku wananitazama, au kushuka kwenda kuomba kibarua kwenye mkonge wa Wadachi kwa mguu ule ule. Kila nilipolala niliwaza gogo, na kila nilipowaza gogo nilikumbuka kwamba lilicheza, na kwamba halichezi lenyewe.

Sasa nani aliyeniletea habari za mtawa? Mdogo wangu huyo huyo.

"Dada," alisema, "twende. Nitakusindikiza."

Nilimtazama sana. Mtu anayengoja kupewa shamba langu anataka mimi nijifunze kusimama? Ama ni mjinga, ama ana lake. Na mjinga hakuwa. Nikakubali kwenda, kwa sababu mtu wa namna hiyo ni afadhali umwone anachofanya.

Tuliondoka alfajiri, tukashuka kwa njia inayotokea Kilakala, tukakata kuelekea misheni. Njia ni nyembamba, watu hufuatana. Mimi nilitangulia na fimbo yangu, yeye akafuata nyuma. Kila nilipogeuka nilimkuta anatazama miguu yangu. Hakutazama mlima wala ndege, wala treni iliyokuwa inapiga honi kule bondeni na kutoa moshi. Alikazia macho miguu yangu tu. Nikajua anahesabu ni lini nitaanguka tena.

Sisi ni Waislamu, na shangazi mmoja alikuwa amenionya kwamba pale misheni wakikumwagia maji kichwani umekwisha. Nilifunga kaniki kichwani kwa nguvu hata masikio yakauma. Nilipofika barazani pa zahanati yao kitu cha kwanza nilichotafuta kilikuwa ni ndoo, na niliiona moja kwenye kona. Muda wote wa somo sikuipa mgongo.

Vyombo vyenyewe vilinitia wasiwasi zaidi kuliko ndoo. Palikuwa na ubao mrefu mwembamba, umesimamishwa kwa ubavu juu ya miguu mifupi, wa kutembelea. Palikuwa na kiunzi cha mbao mfano wa mlango uliokosa nyumba, na kwenye nguzo zake zilining'inia springi zilizotolewa kwenye kitanda kibovu, zina vishikio vya ngozi. Unashika kishikio kila mkono, unasimama kwa mguu mmoja, unavuta, na springi nazo zinakuvuta, mnabishana hivyo mpaka paja linatetemeka. Upande mwingine palikuwa na kamba zilizopita kwenye kapi, mwisho wake mifuko iliyoshonwa ikiwa imejazwa kitu. Na chini palikuwa na kibao kilichopigiliwa juu ya mti wa mviringo, ukikikanyaga kinakwenda kushoto wakati wewe unataka kulia. Huyu mama alikuwa amekusanya kila kitu duniani kinachoweza kumwangusha mtu, akakiweka kwenye baraza moja, akasema ni dawa.

Tulikuwa wanafunzi wachache tu. Wa karibu yangu alikuwa mzee aliyewahi kuwa mpagazi wa misafara, funza wamemla vidole vya miguu vyote isipokuwa viwili. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaninong'oneza.

"Mwanangu, usisimame vizuri sana. Wanatupima hawa. Wakiona tumepona watatutwisha mizigo."

"Sasa wewe unakuja kufanya nini?"

"Nakuja kuangalia wanatupima vipi."

Nilimpenda mzee yule papo hapo. Siku moja akida alipita pale juu ya farasi, na askari wake wawili, akasimama kutazama. Mzee alikuwa juu ya ubao, anakwenda vizuri kabisa, uso umekunjuka. Alipoiona kofia nyekundu ya akida alilegea miguu yote miwili kwa pamoja, akateremka kwa makalio, akaanza kuugua kwa sauti. Akida akatema mate, akaenda zake. Mzee akabaki chini mpaka vumbi la farasi likaisha, akajipangusa, akapanda tena pale alipoishia. Nilimwona mtawa akigeuza uso ukutani, na mabega yake yanacheka.

Mtawa mwenyewe alikuwa mwembamba, si mtu wa maneno. Kiswahili chake kilikuwa cha vipande vipande lakini kilifika.

"Tazama mbele," aliniambia kila niliposhusha macho. "Mguu hapendi kutazamwa."

Nilipinga moyoni. Mguu wangu ulikuwa umenisaliti nisipoutazama, iweje sasa niuache peke yake? Lakini nilitazama mbele, na mbele palikuwa na mdogo wangu, amekaa kwenye ngazi za baraza, anatazama miguu yangu kwa niaba yangu.

Nilitafuta sana anachokitaka yule mtawa. Nilidhani ni ubatizo, lakini hakutaja dini hata mara moja. Nilidhani ni vibarua wa shamba lao la kahawa, lakini nani anataka kibarua mwenye mguu mfupi? Halafu nikaanza kulishuku lile gauni lake refu jeusi linaloburuzika chini. Mtu anayefundisha miguu ya wengine mbona ya kwake haionekani? Niliinyemelea siri hiyo wiki kwa wiki. Siku moja alipiga magoti kurekebisha kapi, na aliponyanyuka upindo ukanasa kwenye msumari. Nikaona. Kiatu kimoja kilikuwa na soli ya kawaida, na kingine kilikuwa na soli nene ya mti, kama mbuzi ya kukunia nazi iliyobaki bila meno. Aliona kwamba nimeona. Hakufunika upesi.

"Mimi mtoto, mguu hivi," alisema, akaonyesha kwa mkono uliopinda. "Daktari kwetu, ana nyumba ya springi. Miaka mingi."

Basi. Kwa upande wake nilitulia, ingawa si kabisa. Ndoo bado sikuipa mgongo.

Lakini kwenye ubao nilikuwa sifui dafu. Springi nilizizoea, kibao cha kutikisika nilikizoea, mguu ukaanza kupata nguvu mpaka hatua yangu fupi ikarefuka kidogo. Ubao ulinikataa. Mtawa alitaka tutandaze mikono kama kunguru anayeanika mbawa, tutembee hivyo, na mimi nikitandaza mikono nilianguka. Nilianguka kulia kila mara. Masika ilikuwa inakaribia. Wanawake walikuwa wameanza kuchambua mbegu, na mimi nilirudi nyumbani na mapaja yaliyochubuka na mtu nyuma yangu anayetazama miguu.

Kilichonisaidia ni ile tabia yangu. Ile mifuko ya kwenye kapi ilikuwa imenikera tangu siku ya kwanza. Ni ya nini mizito vile, na kwa nini imeshonwa pande zote? Nilidhani ni chumvi. Nilidhani wanaificha pale barazani ili akida asiione. Siku hiyo mtawa aliniambia nichukue mfuko mmoja uliofunguliwa kutoka kwenye kamba nimpelekee mwisho wa ubao. Nikauchukua, nikatoboa kipembe kwa ukucha, nikaonja. Mchanga. Nilikasirika kana kwamba nimeibiwa. Nikasokota mtandio wangu ukawa ngata, nikaiweka kichwani, nikautua mfuko juu yake, nikaenda kumpa mchanga wake, huku natema tema.

Nilipofika aliko, kila mtu alikuwa ananitazama. Mzee wa vidole viwili alikuwa ameshika mdomo. Nikatazama nyuma. Nilikuwa nimepita juu ya ubao wote, mwanzo hadi mwisho, mikono inapunga.

Kumbe mikono mitupu ndiyo iliyokuwa inaniangusha. Toka utoto sijawahi kupita mahali pembamba bila kitu kichwani. Shingo yangu ndiyo inayojua nimesimama wapi, na shingo bila mzigo haina habari. Mtawa alinirudisha nikapita tena, akazunguka kunitazama pande zote, akaniomba ngata. Juma lililofuata wanawake wote walikuwa na mifuko ya mchanga kichwani, na yeye mwenyewe mmoja, juu ya kile kitambaa chake cheupe, amenyooka. Ulimpendeza.

Nilifurahi siku ile, sikatai. Tulipokuwa tunapanda kurudi niligeuka nimwone mdogo wangu amechukiaje. Hakuwa amechukia. Alikuwa ameshika kijiti, na kila nilipokanyaga alikuwa anainama kidogo, anakiweka chini kwenye vumbi, kisha anafuata. Nilijua ni uchawi. Watu huchukua unyayo wa mtu, wakaenda nao wanakokwenda. Nilifika nyumbani nikaoga kwa maji ya chumvi, na kuanzia siku hiyo nilimfanya yeye atangulie mbele. Akatangulia, na bado aligeuka geuka.

Siku ya kupanda ilifika na mawingu yake. Ukoo wote ulikuja ukingoni, mjomba mbele, amevaa kanzu. Mbegu za mahindi na maharage zilikuwa kwenye kikapu. Nilisokota ngata, nikajitwika, nikalikaribia gogo. Na hapo nikaona. Lilikuwa limekatwa. Kuanzia ukingo hadi ukingo lilikuwa na majeraha mapya, meupe, vijibanzi bado vimeshikilia.

"Mjomba!" nilisema kwa sauti ili kila mtu asikie. "Gogo limekatwa. Mtu anataka nivunjike shingo safari hii."

Nikamtazama mdogo wangu, na watu nao wakamtazama. Mjomba aliinama, akapitisha kiganja juu ya gogo, akalipiga kwa kisigino.

"Hili halijakatwa livunjike," alisema. "Limetiwa vidato vya kukanyagia. Zima kabisa. Unavuka au huvuki?"

Nilivuka. Lakini vidato vile sikuvikanyaga, kwani sikujua vimetiwa na nani wala kwa nia gani. Niliviruka. Nilitembea kama nilivyofundishwa barazani, hatua zilingane, macho kwenye mti ulio ng'ambo, kikapu kimetulia. Maji yalikuwa yanapiga kelele chini na mimi nayasikia na sitaki kuyasikia. Nikafika katikati, pale pale pa siku ile. Gamba la gogo lilikuwa limelowa umande, mguu wangu mzima ukateleza.

Hapo mafunzo yote yalinitoka. Mguu mbovu ulijitupa mbele wenyewe kwa ile hatua yake ya zamani, hatua fupi ya kilema, na ukaingia kwenye kidato. Uliingia ukatulia. Nikatupa mguu mzima, hatua yake ndefu, nao ukapokelewa. Fupi, ukapokelewa. Ndefu, ukapokelewa. Mpaka ng'ambo hakuna kidato hata kimoja kilichokosea. Gogo lilikuwa limepimwa kwa kuchechemea kwangu.

Niliposhuka kwenye udongo wa mama yangu, mjomba alinyanyua mkono.

"Shamba ni lako," alisema, akageuka, kwa maana mvua ilikuwa imeanza kusikika juu kwenye majani. Watu wakamfuata. Mdogo wangu peke yake alibaki ukingoni, ameweka jembe langu na la kwake begani. Tulitazamana. Korongo si pana. Huhitaji kupaza sauti sana.

"Vidato umetia wewe," nilisema.

"Ndiyo, dada."

"Ndicho ulichokuwa unapima kwa kile kijiti."

"Ndiyo."

Shamba lingekuwa lake. Angekaa tu nyumbani achambue mbegu zake, angelipata bila kunyanyua panga. Moyo uliniuma, lakini haukuniuma kiasi cha kusahau.

"Na siku ile ya ndizi," nilisema, "wewe ulikuwa wapi?"

Alihamisha majembe kutoka bega moja kwenda jingine.

"Nilikanyaga," alisema. "Mvua ilikuwa inakuja. Sikungoja uite."

"Nilijua."

"Najua ulijua, dada. Kila ulipogeuka nilijua."

Mvua ilitufikia wakati huo. Ilimpata yeye kwanza, matone makubwa, kaniki ikamgandia mabegani, maji yakamtiririka usoni. Upande wangu kulikuwa na dungu la kulindia nguruwe, na yeye alilijua dungu lile, ni yeye aliyeliezeka. Vidole vya miguu yake vilikuwa kwenye kichwa cha gogo, havijakanyaga. Alisimama tu analowa, ananitazama mdomoni.

Nilimwacha alowe kidogo. Kisha nikaita, "Vuka!"